Kioo cha Pembeni

Nyumba ya wageni ya kwanza
Jumatatu, 4 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Kama hujakata kile kitambaa cha sketi zangu za bweni, tafadhali usikate. Nimeanza na hilo ili hata mteja akikuita kabla hujamaliza kusoma, uwe umeshalipata.

Tumefika salama. Treni ilivuka mpaka tukiwa tumelala, na nilipoamka kila kitu kilikuwa kimehamia upande usio wake. Huku magari yanapita kulia. Ukitaka kuvuka barabara unaanza kuangalia upande ule ambao nyumbani tunauangalia mwisho. Mama ametunyang'anya simu zote na kuzifungia sandukuni. Anasema hii ni likizo ya familia, si likizo ya familia pamoja na dunia nzima. Kwa hiyo ile ratiba aliyokuachia usiitupe. Ukituma barua kwenye nyumba ya wageni inayofuata, itanikuta.

Tumekodi baiskeli za kuzungukia mashambani. Mama ana yake, na mdogo wangu anakaa nyuma yake kwenye kiti chenye mkanda, kama abiria wa ndege. Mimi na Baba tuko kwenye moja, ile ndefu ya watu wawili, yenye viti viwili na pedali jozi mbili. Baba ndiye aliyeichagua. Mama alipomuuliza kwa nini asichukue ya peke yake, alisema anataka kuwa karibu na binti yake kabla bweni halijamchukua. Mama alifurahi sana, nilimwona.

Kuhusu bweni, nimefikiri nikaona labda nisiende. Shule ninayosoma sasa si mbaya. Maktaba yake ni kabati moja tu, lakini viko vitabu ambavyo sijavirudia mara ya pili. Usimwambie Mama kwamba nimeandika hivi. Nitamwambia mwenyewe nikipata namna.

Wasalimie wateja, hata yule anayerudisha vifungo.

Mwanao,
Kipaza


Mezani kwa cherehani
Alhamisi, 7 Agosti

Kipaza wangu,

Marahaba. Umechelewa. Kitambaa nilishakikata kabla hamjapanda treni. Sketi zote mbili zina viuno tayari, zinangoja pindo. Sasa unataka nimvalishe nani, mlango?

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Wewe ndiye uliyenijia hapa mbio, jasho linakutoka, kuniambia umepata nafasi kwenye shule ambayo chumba chake cha vitabu kina ngazi ya kupandia. Siku hiyo hata sauti yako ilisikika, wewe ambaye tulikupa jina la Kipaza kwa sababu ukiongea tukiwa jikoni pamoja inabidi tuzime redio. Leo unaniambia ya kabati moja si mbaya! Nani kakuchezea akili? Kama ni mvulana, niambie urefu wake tu, mengine nitayajua mwenyewe. Kama ni woga wa kulala chumba kimoja na wasichana wa watu, utaisha wakianza kukuomba uwaandikie insha. Na kama umenenepa unaona haya kusema, nimeacha nafasi kwenye mshono. Mimi ni fundi, si mjinga.

Eti baba yako anataka kuwa karibu na mtu! Nimecheka mpaka uzi ukaniponyoka. Mwezi uliopita alinipita sokoni, bega kwa bega, mimi dada yake niliyembeba mgongoni, bila hata salamu. Nilipomwita alishtuka kama mwizi. Tangu apewe lile basi jipya la shule, shingo imekakamaa.

Mzee wa Mlangoni, yule kondakta wake, amepita hapa kuleta suruali ipunguzwe. Anastaafu mwisho wa mwezi, anakwenda kulima. Anasema tangu amwambie baba yako habari hiyo, baba yako hali vizuri. Ndoa ya watu wawili hiyo, wewe na mimi tusiingilie.

Nijibu. Sketi haziondoki mezani.

Shangazi yako


Nyumba ya wageni ya pili
Jumapili, 10 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Si mvulana. Nimesoma barua yako mlangoni mwa bafu, maana ndipo pekee penye kufuli.

Umeniuliza mashambani kukoje. Kweli hukuuliza, lakini ungeuliza. Mama anasema kuna mifereji mirefu, na ng'ombe weupe, na mashamba ya njano yanayopanda mpaka mawinguni. Mimi nikiulizwa nitasema kuna nini ukingoni mwa barabara. Ukikaa kiti cha nyuma cha baiskeli hii unaona mgongo wa mtu. Usukani wa nyuma umekazwa, haugeuki, ni wa kushikia tu. Breki huna. Na pedali zimeunganishwa kwa mnyororo mmoja, kwa hiyo wa mbele akikanyaga, miguu yako inakwenda nayo hata kama hukutaka.

Baba ametunga mchezo. Mimi ni Kioo, kile kioo cha pembeni cha gari. Kazi yangu ni kuchungulia pande zote mbili za mgongo wake na kutangaza. "Kushoto, gari! Kulia, shimo! Mbuzi wawili, kushoto!" Lazima iwe kwa sauti. Siku ya kwanza alikuwa akisema, "Sikusikii, Kioo, pandisha!" na mimi unanijua. Sasa nimepiga kelele kuliko maisha yangu yote, mpaka wakulima wanasimamisha kazi kutuangalia. Jioni koo linawaka. Mdogo wangu naye aliomba aingizwe kwenye mchezo, Baba akamwambia ni wa watu wawili.

Jana mezani nilimwambia Mama kwamba sitaki bweni. Aliweka kijiko chini. "Nani kakuambia useme hivyo?" Nikasema hakuna. Akamgeukia Baba, "Na wewe umekaa tu?" Baba alikuwa anakata mkate wake vipande vidogo sana.

Nina swali. Babu, baba yenu, alipozeeka alikuwaje? Alikuwa akijikwaa? Ni kwa ajili ya insha.

Mwanao,
Kipaza


Nyumba ya wageni ya pili
Jumapili, 10 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia wewe kwa sababu ukisema nimekosea, utasema machoni pangu, hutazungukia kwa majirani.

Nimechoka na ndugu yako. Safari hii niliipanga mwaka mzima. Nilisema tukitoka, mbali na basi na mbali na kazi yangu, labda atanikumbuka. Wifi, huyu mtu hanioni. Nikimpungia mkono ananipita. Nikikaa pembeni yake anaendelea kuangalia mbele kama kwamba benchi ni tupu. Asubuhi namshikia kikombe cha chai, nasimama nacho mpaka binti aseme, "Baba, chai," ndipo anageuka na kunishukuru kama mhudumu wa hotelini. Nyumbani nilidhani ni uchovu. Hapa hana cha kumchosha.

Kutwa anajifungia na mtoto kwenye baiskeli yao, wanapigiana kelele na kucheka, na mimi nafuata nyuma. Sasa mtoto naye amekuja kuniambia haendi bweni. Najua neno hilo limetoka wapi. Anamtaka abaki nyumbani ili awe na mtu wa kuzungumza naye, maana mimi simfai.

Tukirudi nitamwambia kila mtu ashike njia yake. Nimeshafikia hapo. Usimwambie bado. Niombee nisilie mbele ya watoto.

Wifi yako


Mezani kwa cherehani
Jumatano, 13 Agosti

Kipaza,

Marahaba. Babu yako alipozeeka alikuwa mtu wa kuchekesha. Alitembea akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Sufuria likiwa chini mbele yake analiruka vizuri, likiwa pembeni kidogo analipiga teke mpaka uani. Hakusalimia mtu, kwa hiyo mtaani walimwita Bwana Mkubwa. Mimi na baba yako tulimwiga. Baba yako alikuwa hodari zaidi, alitembea vile na kofia ya babu kichwani tukacheka mpaka tukaumwa mbavu. Mwisho alikaa barazani tu, akiwajua watu kwa viatu vyao. Daktari alipokuja kumwona alisema ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, alisema, katikati inaacha mpaka mwisho, ndiyo maana mwenyewe na watu wake

Nimeiacha barua hapo nikazunguka nyumba. Sasa ni asubuhi.

Insha gani wewe, na shule zimefungwa?

Jibu hili tu. Baba yako ukimpa chai kwa upande, bila kusema neno, anaipokea?

Nimejaribu kumwandikia yeye, nimechana. Tangu utotoni huyu ukimwambia usipande, ameshafika juu. Kwa hiyo nakwambia wewe. Shuka kwenye hiyo baiskeli. Umwa tumbo. Shika homa. Mtoto mgonjwa hapandishwi baiskeli, na hakuna atakayekuuliza maswali. Halafu tutajua la kufanya mkifika nyumbani.

Na mama yako mvumilie. Ana yake.

Shangazi yako


Nyumba ya wageni ya tatu
Ijumaa, 15 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Haipokei.

Sasa nitaandika yote, maana mkono ukiacha sitaanza tena.

Jumanne tulikuwa tunateremka barabara nyembamba. Mama alikuwa nyuma sana. Kwenye shamba la kushoto kulikuwa na nyumba kuukuu isiyo na paa, na mti umeota ndani na kutokea juu. Niliiangalia, Shangazi. Nilitaka kuangalia kitu kimoja tu mpaka mwisho. Trekta ilikuwa inatoka njia ya shambani, upande huohuo, kubwa, nyekundu, na mtu yeyote mwenye macho angeiona. Baba alikuwa anapiga mluzi. Nilipopiga kelele alikuwa hajapunguza hata kidogo. Tukaingia mtaroni. Mwenye trekta alishuka akatufokea kwa lugha yake, na Baba alikuwa anamtafuta aliko, anageuza kichwa kama ulivyoandika.

Tulikaa mtaroni kidogo. Nikasema, "Baba, hukuiona." Akasema, "Nilijua utaniambia." Halafu akaniambia.

Ana matone ya macho anayaficha ndani ya soksi. Daktari alimwambia kitambo aache kuendesha. Kwenye ukaguzi wa madereva anasomeshwa herufi ukutani, naye anazisoma mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu katikati bado anaona vizuri. Pande zote mbili anaangaliziwa na Mzee wa Mlangoni. Anasimama mlangoni na kupiga bodi la basi, pigo moja kushoto pamejaa, mawili pita. Sisi wanafunzi tulidhani anapiga kwa mbwembwe. Sasa anaondoka, na kondakta mpya ni kijana ambaye Baba hamwamini. Kwa hiyo Baba anataka nikae mimi kile kiti cha mlangoni. Anasema mimi basi hilo nalipanda kila siku hata hivyo. Anasema ni mpaka mdogo wangu akue kidogo. Safari hii alikuwa ananifundisha. Alisema ninajifunza haraka kuliko Mzee.

Nilimuuliza kama Mama anajua. Alisema Mama akijua, kazi imekwisha, na yeye atakuwa mtu wa barazani. Alinishika mkono akaniapisha nisimwambie Mama neno, hata moja. Nikaapa.

Kuumwa siwezi. Nikishuka mimi atapanda peke yake, na kiti cha nyuma kitakuwa hakisemi kitu. Nikibaki, tukirudi kuna basi zima la watoto, na nawajua wote kwa majina na wanapokaa. Nikienda bweni, wa kuumia ni hao. Nikisema, ni Baba. Nimeligeuza kila upande. Usiku nikifumba macho naendelea kutangaza.

Mama ananiangalia kama nimemsaliti. Jana alinisuka nywele bila kusema kitu.

Mwanao,
Kipaza


Nyumba ya wageni ya tatu
Jumapili, 17 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Jibu lako halijafika na sijui kama litafika kabla hatujaondoka hapa. Nimefanya jambo.

Leo asubuhi tulikuwa uani. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani, hakuna aliyepanda, hakuna gari. Nilihakikisha hilo kwanza. Baba alikuwa amesimama na mwenye nyumba, wanaonyeshana njia kwenye ramani. Mama akaja na kikombe cha chai, akasimama upande wake wa kushoto, akakinyoosha.

Hapo ndipo mimi husema, "Baba, chai." Nimekuwa nikisema hata nyumbani, kumbe, muda mrefu, bila kujua kwa nini. Leo niliangalia viatu vyangu.

Mama akasubiri. Baba akaendelea kuuliza habari za daraja. Mama akanitazama mimi, nadhani alitaka nimwokoe, na mimi nikaendelea kunyamaza. Mdomo ulinijaa lile neno mpaka machozi yakanitoka. Mama akayaona machozi. Akamwangalia Baba tena, usoni, kwa karibu, kwa muda. Kisha akaanza kukisogeza kikombe polepole kutoka ubavuni kwenda mbele, kama wewe unavyopapasa kutafuta ukingo wa kitambaa. Kilipofika karibu na pua, Baba aliruka. "Ah! Umetoka wapi?" Mama alikirudisha ubavuni. Macho ya Baba hayakukifuata. Akakileta tena, akakirudisha tena.

"Tangu lini?" Mama akauliza.

"Nini tangu lini? Chai?"

Akamwita "Baba" na jina langu zima nyuma yake, kama anavyomwita akiwa na hasira, ila sauti haikuwa ya hasira. "Tangu lini?"

Baba akageuza kichwa chote mpaka akanipata. "Kioo," alisema. Hilo tu. Sikujibu. Sikusema neno, Shangazi, hata moja, kama nilivyoapa, na nimemvunjia ahadi yote.

Mwenye nyumba akakunja ramani akaingia ndani. Mama akaanza kulia na kumpiga Baba kifuani kwa mkono uliokuwa mtupu. "Mwaka mzima! Mwaka mzima nadhani unanidharau, mjinga wewe!" Chai yote ilimwagika kwenye viatu vyao, na hakuna aliyesogea.

Sasa wako chumbani, mlango umefungwa. Mimi na mdogo wangu tuko kwenye korido. Ananiuliza kama likizo imekwisha. Baba hajasema nami.

Mwanao,
Kipaza


Nyumba ya wageni ya tatu
Jumanne, 19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako kwa binti ilifika jana, akanipa nisome. Umeniita majina ambayo sijayasikia tangu mama yetu afariki. Yote nayakubali, isipokuwa lile la punda.

Nimemwandikia mkuu wa shule. Nimemwambia atafute dereva mwingine kabla shule hazijafunguliwa, na sababu nimeitaja. Barua hiyo inaondoka kwa posta moja na hii. Mke wangu alisimama nyuma yangu nilipokuwa naandika. Nilidhani ananisimamia, kumbe alikuwa anasubiri nimalize anishike bega. Amesema tukirudi anakwenda nami kwa daktari, na ataingia ndani, hatangoja kwenye benchi. Sijui nitafanya kazi gani. Usiniulize kwa sasa. Tangu nilipopata leseni sijawahi kujua kuwa mtu mwingine yeyote.

Nilimkasirikia mtoto siku nzima. Nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia. Halafu nikakumbuka ile trekta, nikaweka watoto wa basi kwenye viti vyao kichwani mwangu, mmoja mmoja, na maneno yakaniishia. Nikamwita, nikamwambia aende bweni. Akasema, "Ndiyo, Baba," kidogo sana, nusura nisisikie. Sikumwambia apandishe.

Nimeendesha kwenye kelele maisha yangu yote, Dada, honi, watoto, injini. Sijawahi kusikia kitu kikubwa kama alivyonyamaza pale uani.

Ile baiskeli ndefu tumeirudisha. Leo wameenda mashambani wote watatu, kila mtu na yake isipokuwa mdogo. Mimi nimesema nitabaki niandike. Chumba kiko juu na dirisha linatazama barabara, lakini dirisha zima silipati. Siku hizi ni kama kuchungulia kwenye bomba. Napata kipande cha barabara, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye kona ya ukuta, basi.

Nikasimama hapo kuwaangalia wakiondoka. Alianza kupita mama yake, na mdogo nyuma anapunga mkono kwa kila kitu. Kisha akaja yeye, peke yake, mdomo umefungwa, hatangazi chochote. Palikuwa na kitu shambani kimemvuta, sijui nini, alikiangalia tu huku anakanyaga. Nilimwona mzima, kuanzia nguzo. Halafu akafika kwenye kona, akatoka.

Ningegeuza kichwa ningempata tena kidogo. Sikugeuza.

Mdogo wako